Ukija na kundi Kariakoo, tafuta mtaa

Watu kumi na wanane hawalali Kariakoo kama kundi. Wanalala watatu Mtaa wa Sikukuu, wanne Narung'ombe, wawili nyuma ya Mtaa wa Kongo kwenye ghorofa ya tano isiyo na lifti, na waliobaki wanapigiana simu hadi saa sita za usiku wakiulizana nani kapata wapi. Liwe kundi la akina mama wafanyabiashara kutoka Mbeya, wanakwaya wa Singida, tawi la Simba la Tabora au ukoo uliomsindikiza mgonjwa Muhimbili, kiongozi wake huingia jijini na wazo lile lile: nyumba moja, vyumba vya kutosha, bei ya jumla. Wazo hilo hufia mapokezi.

Mazungumzo yenyewe huwa hivi. Mama wa makamo, mtandio begani na mkoba umebanwa kwapani, anasimama mbele ya dirisha dogo lenye nondo. Nyuma yake kuna ngazi nyembamba na mabegi tayari yameanza kupangwa ukutani.

"Shikamoo mama, karibu."

"Marahaba mwanangu. Vyumba mnavyo?"

"Vipo. Mko wangapi?"

"Kumi na wanane."

Binti wa mapokezi anacheka kwanza. "Mama, kwa leo nina vitatu. Viwili self, kimoja choo cha nje. Labda saa nne, hao wa Lubumbashi wakitoka."

"Watatoka au wakitoka?"

"Wamesema watatoka. Ila mzigo wao haujafungwa."

Hapo kuna elimu yote anayoihitaji mtu anayetafutia kundi malazi katika eneo hili. Gesti za Kariakoo hazikuwekwa kwa ajili ya makundi. Nyingi ni ndogo, zimebanwa juu ya maduka, na mteja wake wa kila siku ni mtu mmoja au wawili waliokuja kununua mali: Mkongo wa Lubumbashi, Mzambia aliyepitia Nakonde na Tunduma, Mmalawi, Mngazija, au Mtanzania wa Songea na Kahama. Mteja huyo haondoki kwa tarehe. Anaondoka mzigo wake ukishakamilika, ukafungwa, ukapimwa na kupakiwa. Mali ikichelewa kushuka bandarini, chumba kinaendelea kuwa chake siku mbili zaidi, na mhudumu hawezi kumtoa kwa sababu ni mteja anayerudi kila baada ya miezi michache. Vyumba basi huachwa kimoja kimoja, kwa mpangilio ambao hakuna anayeujua kikamilifu, na asubuhi ya kupata vyumba tisa vitupu katika nyumba moja ni ya kubahatisha.

Ndiyo maana naona mtu wa kwanza kuulizwa asiwe wa gesti, awe wakala wa mizigo. Yeye ndiye anayejua gari la Tunduma linapakia usiku huu au kesho kutwa, na ni akina nani wana marobota yao humo. Gari likiondoka, vyumba vinaachwa. Kundi la wafanyabiashara halikosi mtu mmoja mwenye wakala anayemwamini. Simu yake moja ina thamani kuliko kuzunguka mitaa sita na jua la saa nane.

Ushauri wangu wa pili unawaudhi viongozi wa vikundi: acheni kutafuta hoteli, tafuteni mtaa. Chagueni mmoja, au miwili inayokatana, kisha jazeni vyumba vya mtaa huo popote vinapopatikana, vitatu nyumba hii, viwili ya jirani, kimoja ng'ambo ya barabara. Kariakoo imepangwa kwa mistari iliyonyooka, mitaa inakatana kila baada ya hatua chache, na watu waliotawanyika nyumba nne za mtaa mmoja wako karibu kuliko waliorundikwa ghorofa tofauti za hoteli kubwa ya katikati ya mji. Mnakutana kwa mama lishe yule yule asubuhi. Mgonjwa akizidiwa usiku, mnaitana kwa sauti.

Namna hiyo ya kulala si mpya hapa. Kariakoo ya zamani ilikuwa ya nyumba za Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma. Chumba kimoja kilikuwa kaya nzima, na mgeni wa bara alikuja na jina la ndugu na jina la mtaa. J.A.K. Leslie, mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyeichunguza Dar es Salaam katika miaka ya 1950 na kitabu chake kikatoka 1963, alieleza jinsi mgeni alivyofikia kwa jamaa, akapewa pa kulaza mbavu, kisha akasaidiwa kutafuta kazi. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipoacha kufundisha Pugu mwaka 1955 ili akitumikie chama cha TANU, alikaa kwa muda nyumbani kwa Abdulwahid Sykes papa hapa Kariakoo, kama anavyosimulia mwanahistoria Mohamed Said. Mwaka mmoja kabla, tarehe 7 Julai 1954, wajumbe kumi na saba walikuwa wamekutana katika nyumba ya mtaa ambao leo ni Lumumba na kuizaa TANU. Japhet Kirilo na Joseph Kimalando walitoka kaskazini, Saadani Abdu Kandoro alitoka upande wa Ziwa. Kundi la watu kumi na saba, baadhi yao wageni mjini. Dar es Salaam ya wakati ule iliweza kuwalaza bila gesti yenye vyumba kumi.

Nyumba zile zimekwisha, karibu zote. Kilichozimaliza ni hesabu. Chumba cha chini kinachotazama barabara, kikiwekewa kitanda, kinaingiza kodi ya kitanda. Kikitolewa kitanda na kuwekewa rafu na geti la chuma kinakuwa fremu, na fremu ya Kariakoo ina kodi yake na kilemba chake juu, ambacho mtu hulipa kwa pumzi ndefu kabla hajaingiza hata jozi moja ya viatu. Mwenye nyumba gani atalaza wageni hapo chini? Kwa hiyo vitanda vilipanda juu, vikafuata ngazi, na vilipokosa nafasi juu vikahama: Gerezani, Mchikichini, Ilala, Buguruni, na ng'ambo ya bonde la Msimbazi hadi Magomeni.

Nairobi waliliona jambo hilo kwa uwazi zaidi. Eastleigh, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kulikuwa na nyumba ya wageni iitwayo Garissa Lodge. Wafanyabiashara wa Kisomali waliokimbia vita walipanga vyumba, wakauza bidhaa mchana humo humo chumbani, usiku wakalala juu ya bidhaa. Haikuchukua muda vitanda vikaondolewa kabisa na nyumba ikawa jengo la maduka, la kwanza kati ya mengi yaliyoifanya Eastleigh kuwa Eastleigh. Sokoni kitanda hushindwa na duka.

Usidhani wenyeji wa Kariakoo hawayajui haya kwa upande wa pili. Wenye maduka wa Mtaa wa Kongo wakienda Guangzhou hutafuta vyumba Xiaobei, wakienda Dubai hushukia Deira, na sababu ni hiyo hiyo: uamke, ushuke ngazi, uwe sokoni. Hakuna mfanyabiashara anayevuka nusu ya jiji kila asubuhi kwa ajili tu ya kulala penye bustani.

Tuje kwenye fedha, maana vikundi huvunjikia hapa. Tuseme chumba cha Kariakoo ni shilingi 35,000 na cha Buguruni ni 20,000. Mweka hazina wa kundi anaona tofauti ya 15,000 kwa chumba. Kwa vyumba tisa ni 135,000 kwa usiku mmoja, na anatangaza ushindi kwenye kundi la WhatsApp. Asubuhi watu kumi na wanane wanahitaji kufika sokoni. Jioni wanarudi na mifuko, na mifuko haikubaliki kwa furaha ndani ya daladala wala mwendokasi, kwa hiyo ni bajaji. Bajaji sita, tuseme 5,000 kila moja, kwenda na kurudi: 60,000 imeondoka. Inabaki akiba ya 75,000, yaani elfu nne na ushee kwa kichwa. Kwa elfu nne hiyo mmenunua foleni ya Barabara ya Uhuru mara mbili kwa siku, mmemnyima aliyechoka nafasi ya kujinyoosha saa saba mchana, na mmelazimika kubeba kila mlichonunua tangu asubuhi hadi jioni mikononi. Mimi ningeilipa.

Kuna njia ya katikati. Ilala yenyewe, pande za Bungoni na Boma, iko mwendo wa miguu hadi Soko la Karume, na kutoka hapo Kariakoo ni mbele kidogo. Upande wa pili, Kisutu, mitaa ya Libya na Jamhuri ina hoteli za kawaida ambazo wasafiri wa mabegi mgongoni wamezizoea kwa miaka mingi. Unavuka Mnazi Mmoja na uko Lumumba. Vikundi vya kanisa vina bahati yao. Kituo cha Msimbazi cha Jimbo Kuu Katoliki, Ilala, kina kumbi na vyumba, na kimezoea kupokea watu wanaoshuka kutoka basi moja. Wakristo wa Kilutheri nao wana Luther House mjini, karibu na Azania Front. Nyumba za namna hii ndizo pekee ninazozijua ambako ukisema "tuko thelathini" hakuna anayecheka. Sharti ni kuandika mapema, barua yenye muhuri, na kukubali masharti ya geti.

Mapema ni lini? Inategemea unaangukia wapi kwenye kalenda ya soko. Wiki mbili za mwisho za Ramadhani, nchi nzima inakuja kununua nguo za Idi. Desemba ni Krismasi, na kabla jasho halijakauka inaingia Januari ya sare, daftari na mabegi ya shule. Mwisho wa Juni hadi katikati ya Julai yapo Maonesho ya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, na waoneshaji wa mikoani wanagombea vitanda hadi huku. Agosti mara nyingi ni ya mpira. Simba Day na Siku ya Mwananchi huleta mabasi ya mashabiki, na makao ya timu zote mbili yako papa hapa, Simba Mtaa wa Msimbazi, Yanga pale Jangwani kwenye kona ya Twiga. Wengi wa mashabiki hao hawatafuti chumba hata kidogo. Wanalala ndani ya basi, wanaoga kwa kulipia kwenye vyoo vya umma, wanavaa jezi safi, na saa nne asubuhi huwezi kuwatofautisha na waliolala hotelini.

Familia zinazouguza Muhimbili ni kundi la namna yake, na sioni likizungumzwa. Hawana kalenda. Hawakuja na bajeti, wamekuja na rufaa. Wanahitaji chumba kimoja kwa ndugu watano wanaopokezana zamu wodini, jiko la kuchemshia uji, na mhudumu atakayefungua geti saa kumi alfajiri bila manung'uniko. Gesti za Jangwani na za Kariakoo iliyo karibu na Upanga huwajua vizuri, na zipo zinazowapunguzia wakikaa wiki. Ulizeni waziwazi, bei ya mgonjwa haiandikwi ukutani.

Sasa kitabu. Kwenye kaunta ya kila gesti kuna daftari kubwa la wageni, limepigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, kabila, kazi, anakotoka, anakokwenda, namba ya chumba, saini. Kundi likija, mmoja huandikia wote. Safu ya kazi mstari wa kwanza inasomeka "mfanyabiashara", chini yake alama mbili za kukariri, mpaka mwisho wa ukurasa. Mwalimu, nesi na mstaafu wa reli wote wamekuwa wafanyabiashara kwa alama mbili za kalamu. Msifanye hivyo. Kila mtu aandike jina lake kamili na kitambulisho chake kionekane, kwa sababu daftari hilo ndilo polisi huliangalia, na siku begi linapopotea chumba namba saba, kuandikwa kwako humo ndiko kunakoonyesha kwamba ulilala hapo.

Kuna pia sheria ambazo hazimo kwenye tangazo. Gesti nyingi hazikubali wanaume wawili chumba kimoja, hata wakiwa baba na mwanawe mtu mzima, na hamna hotuba itakayombadilisha mhudumu. Wanawake wawili mara nyingi hupita. Kwa hiyo mweka hazina aliyepanga "wawili wawili" na akasahau kuhesabu wanaume, anajikuta na vyumba vinne pungufu saa tatu usiku. Akina mama hulimaliza lao kwa njia ya kale: kitanda cha futi tano kwa sita, watatu, kulala mzungu wa nne, wa katikati kichwa chake miguuni pa wenzake. Mhudumu akijua, anadai nyongeza. Asipojua, anahesabu ndala mlangoni asubuhi.

Advansi ni jambo la kutumia akili. Chumba cha Kariakoo hakishikwi kwa maneno. "Ukifika utapata" ni salamu tu, wala mtu asimlaumu aliyeitoa. Lakini kumtumia pesa mtu uliyepata namba yake kwa mtu mwingine ni kumtafutia chakula tapeli. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye simu. Likiwa halifanani na la nyumba wala la mtu uliyezungumza naye, acha. Bora zaidi, tangulizeni mtu. Mmoja, mwenye miguu mizuri na mdomo mzuri, asafiri siku moja kabla na fedha taslimu, akague choo, afungue bomba, awashe feni, alipe na achukue risiti. Nauli ya mtangulizi igawanywe kwa wote. Picha za vyumba mtandaoni ni za hoteli mpya zenye bei zake. Gesti za ngazi nyembamba hazina mpiga picha.

Mtangulizi huyo aangalie na jengo. Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya ishirini, na nchi nzima ikajifunza kuuliza swali ambalo halikuwa na mwenyewe: chini ya ghorofa hili kunachimbwa nini? Mimi sina utaalamu wa zege, na wewe huna. Lakini unaweza kuona kama pembeni kuna shimo jipya, kama nguzo za chini zinapanuliwa ili fremu iongezeke, kama ngazi ni moja na imejazwa maboksi mpaka mtu apite kwa ubavu. Angalia pia leseni iliyotundikwa ukutani ni ya mwaka gani. Itakuwa ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo tangu 2021 ndiyo ile ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Ngazi ikiwa imeziba, shuka utafute nyumba nyingine, hata kama feni yao inazunguka vizuri.

Na mzigo? Mapokezi mengi hayataki robota chumbani, kwa sababu za moto na za nafasi. Watu huuingiza kidogo kidogo kwenye mifuko ya rambo mpaka kitanda kinazungukwa. Ni afadhali kulipia stoo ya wakala usiku mmoja. Soko Kuu lenyewe liliungua tarehe 10 Julai 2021; Soko la Karume likaungua Januari 2022. Kulala katikati ya marobota ya nailoni, mlango umefungwa kwa ndani, waya wa chaja umepita chini ya godoro, ni mchezo ambao sitaucheza ili kuokoa pesa ya stoo.

Hesabu yote hii imeanza kubadilika, na kilichoibadilisha ni usafiri. Mabasi ya mikoani yalihamia Kituo cha Magufuli, Mbezi, mwaka 2021, na waliozoea kushukia Ubungo walilalamika kwa haki kuhusu umbali wa kufika Kariakoo. Kisha mwaka 2023 serikali ikaruhusu tena mabasi kusafiri usiku baada ya zuio la miaka mingi. Kundi la Iringa sasa linaweza kuondoka jioni, kushuka Mbezi alfajiri, kuwa Kariakoo asubuhi na mapema, na kurudi usiku ule ule. Julai 2024 treni ya umeme ikaanza kwenda Dodoma, chini ya saa nne kwa ile ya haraka, na stesheni yake ya Dar haiko mbali na soko. Mwaka 2025 Kariakoo ikazinduliwa kuwa soko la saa 24. Mfanyabiashara wa Morogoro aliyekuwa akilipa siku mbili za gesti hana sababu ya kulala tena.

Lakini bado anahitaji chumba mchana. Pa kuoga, pa kuweka begi, pa kulala saa mbili kabla ya basi la usiku. Gesti nyingi bado zinataka ufunguo saa nne asubuhi, na hapo ndipo vikundi vijanja vilipoanza mtindo mpya: siku ya kuondoka, vyumba vinane vinarudishwa na kimoja kinalipiwa siku nzima. Kinaitwa chumba cha mabegi. Kila mtu anaingia kwa zamu, wanawake kwanza, dakika kumi na tano za maji, na mzee wa kundi anapewa kitanda. Pesa yake hukatwa kwenye mfuko wa pamoja kabla safari haijaanza, kwa kuwa ukisubiri kuichanga siku hiyo, kila mtu atakuambia yeye hana begi.